Shahidi Asiyefaa

Ukimwambia Mama Makochi kwamba kiti chako ni kizima, atakibonyeza kwanza ndipo akuamini. Hata kwa wakili, kabla hajaketi, alikibonyeza kiti cha wateja kwa kiganja, akasikia springi zimelala, akaketi hivyo hivyo. Siku hiyo hakuja kutafuta kazi. Alikuja kuandika wosia.

Jina alipewa na kazi. Alijifunza kuvuta kitambaa na kugonga misumari akiwa bado mke wa mtu, akanunua kwa jasho lake karakana yenye vyumba viwili kwa nyuma, na ndoa ilipovunjika akabaki nayo. Mume hakubisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyemfuata Mama Makochi bila kuitwa ni binti wa yule mume, mtoto aliyefiwa na mama mzazi akiwa mchanga, naye akamlea tangu hajaota meno. Baba mtu alikuja kumchukua. Mtoto akarudi karakanani na mkoba wake wa shule. Akachukuliwa tena, akarudi tena. Mwishowe baba akachoka. "Haya, kaa na huyo mkia wako," akasema, na Mkia likawa jina.

Sasa Mkia ni mwanamke mzima. Ndiye anayepima, anayekata, anayebishana na wateja walioleta kochi leo na kulitaka jana. Mama Makochi, tangu presha imwangushe pale pale kazini, anakaa zaidi kuliko anavyosimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akawaza, akamwambia Mkia, "Vaa twende mjini, nina karatasi za kusaini." Hakueleza zaidi. Tangu lini mtoto wa nyumbani akatangaziwa kwamba ni wa nyumbani?

Wakili alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na mafua. Aliiangalia hati ya talaka, akaridhika.

"Watoto wa kuzaa?"

"Sikujaliwa."

"Ndugu?"

"Kaka zangu wawili."

"Basi usipoandika kitu, mama, mali inaweza kwenda kwao."

Mama Makochi alicheka puani. Wa kwanza hajui nyundo inashikwa wapi, wa pili anajua ila hataki.

"Tutahitaji mashahidi wawili wakuone ukisaini," wakili aliendelea. "Mmoja atakuwa karani wangu. Wa pili?"

Mama Makochi alimwonyesha Mkia kwa kidevu, kama afanyavyo karakanani kila panapotakiwa sahihi. Asipomwamini huyu, amwamini nani?

"Hapo kuna jambo," wakili alisema. "Anayeachiwa kitu kwenye wosia hafai kuushuhudia. Akisaini, anaweza kukikosa."

Mkia alishachukua kalamu. "Hakuna tabu, wakili," akasema kwa upole, vile anavyomwambia mteja kwamba rangi aliyoitaka imekwisha. "Mimi simo. Mimi ni mtoto wa aliyekuwa mume wake tu. Nipe nisaini."

Mama Makochi aliumia. Miaka yote ile ya kumchana nywele, ya kukesha naye akiwa na homa, ya kumfundisha kushona pembe ya mto isijikunje, kumbe mtoto alikuwa akijihesabu mgeni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu jembe alilishika zamani, akalima bila kuuliza shamba ni la nani. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira ilikuwapo aibu, maana ni kweli hakuwahi kumwambia.

"Weka kalamu chini."

"Mama, ni sahihi tu."

"Weka chini, utoke nje."

Mkia akatoka, uso umemshuka. Mlango ulipofungwa, Mama Makochi akauliza kama inatosha kuandika "mwanangu".

"Andika, lakini usiishie hapo," wakili alimwambia. "Hukumzaa, na baba yake mliachana. Kaka zako watalishika hilo. Mtaje kwa majina yake yote, ueleze ni nani kwako, na unamwachia nini."

Ikaandikwa hivyo: karakana, vyumba viwili, cherehani, mpaka mkasi. Shahidi wa pili akawa fundi saa wa ghorofa ya chini, aliyepanda ngazi akiwa bado na lenzi yake kwenye jicho.

Nje, Mkia alikuwa kwenye benchi la wateja lenye mto, mkoba mapajani, kama alivyokuwa akikaa mlangoni enzi zile za shule.

"Nimekukosea, mama?"

"Sana." Mama Makochi alijishusha kando yake taratibu. "Umesema mbele ya watu kwamba humo."

"Sikujua kama nimo."

"Na mimi sikukwambia. Lakini ungesaini, ungejitoa kweli. Ndiyo maana nikakufukuza."

Maneno yale yalimwingia Mkia. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kubonyeza benchi kwa vidole, hapa na pale, machozi yakimdondokea mkononi.

"Sponji imekufa hii," akasema.

"Hata kiti cha ndani. Haya, inuka. Twende kwako."