Soda ya Waposaji

Siku wageni wa gesi walipokuja Baraka, mama yangu alituita mimi na mjomba kabla hatujatoka nyumbani, akatupa sheria moja.

"Bataleta kinywaji. Musikunywe."

Kwetu, watu wakija kuposa, kinywaji chao huwekwa katikati na kutazamwa kwanza. Ukimeza, binti umeshamtoa. Mama aliamua kwamba kampuni ya gesi imekuja kuposa ziwa, na hakutaka maelezo zaidi. Yeye huuza ndakala, dagaa wa ziwani, na huzianika kwenye mchanga wa ufukwe wa Lweba, pale pale alipoanika bibi yake. Ndipo hasa wale mabwana walipotaka kutoboa kisima.

Mimi nilikuwa upande wa gesi, wala sikuona haya kusema. Miaka yote napika kwa makala, yale makaa ya miti, nakohoa kama mbuzi mzee. Milima ya kuelekea Bibokoboko inazidi kuota upara, na hao wanaolilia miti hulala wameshiba bukari uliosongwa kwa makala hayo hayo, mama yangu akiwa wa kwanza.

Ukumbi wa parokia ulijaa pomoni, na wageni wakatugawia soda na nyama ya mbuzi. Mgeni mmoja alivaa kofia ngumu, ingawa hapakuwa na cha kumwangukia isipokuwa picha ya mtakatifu. Akaeleza kwamba maji yenye dawa yanasukumwa chini kwa nguvu, mwamba unapasuka, gesi inapanda. Mjomba alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa na soda ya pili mkononi; nusu ya ziwa alikuwa ameshaitoa.

Mama akasimama.

"Ile gesi ikiisha?"

"Tutafunga kisima, mama."

"Na maji ya dawa?"

"Itabaki chini kabisa."

"Nani ataikataza kupanda?"

Mgeni akasema hilo ni swali zuri sana. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba swali likisifiwa, jibu halipo.

Hata hivyo nami nikasimama, nikauliza: basi tupike na nini, na maombi? Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nilipoketi, soda niliyokuwa nimeificha chini ya kiti haikuwepo. Nikamkazia macho mjomba, naye akapiga mbweu. Kisha tukaambiwa wanaokubali wapige makofi, na ukumbi ulioshiba nyama ya mbuzi ukapiga makofi ya harusi.

Jioni niliwasha mbabula, jiko letu la makala, nikaanza kukohoa kama kawaida. Mama akaja, akafungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akaweka soda yangu mbele yangu. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Mama, ni we ulikamata?"

"Ulikuwa mbio sana ya kukubali."

"Niliuliza tu tutapika na nini."

"Uliuliza muzuri. Mi sina jibu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikaweka mwiko chini.

"Lakini mi nitakufa," akasema, "na we utabakia na ile muchanga. Siku utakubali, ukunywe na akili yako. Usikunywe juu ya kiu."

Soda ile bado iko kabatini. Moshi ukinizidi, huitoa, nikaipangusa vumbi, nikaishika kidogo. Kiu ninayo kweli. Kisha huirudisha.