Machungwa Tisa Langoni

Juzi nilikuwa Muheza, barazani kwa mjomba, redio ikatangaza kwamba mashindano ya mpira ya vyuo yanapanuliwa tena. Sasa timu kumi na sita zitaingia hatua ya mtoano. Mtangazaji alishangilia utadhani kajaliwa mtoto. Mjomba akanyoosha mkono, akaizima redio. Mimi nikajikuta nimerudi uani kwa bibi, msimu wa machungwa.

Enzi hizo, rafiki yangu, mtoano ulikuwa wa timu nne tu. Chuo cha ualimu alichosoma mjomba kilikuwa cha saba au cha nane kila mwaka, na kila mwaka hatukukosa la kusema: laiti wangetuingiza! Mjomba ndiye aliyekuwa kipa. Jioni tulimrushia machungwa pale uani, akajitupa huku na huku, bibi akigomba kwamba tunamtimulia vumbi kwenye vitumbua vyake. Hapakuwa na chungwa lililompita. Mtaa mzima uliamini kwamba kipa kama yule hajazaliwa pwani yote hii. Naye alitaka jambo moja tu maishani: aonwe na watu wa timu kubwa za Dar es Salaam, ambao huku kwetu hawakuja ila wakati wa mtoano.

Basi kamati ikapanua, zikaingia timu nane, na sisi tumo. Tulicheza ngoma mpaka barabarani. Bibi peke yake aliendelea kupepeta mchele wake. "Mtoto akililia wembe, mpe," alisema.

Tulikwenda Tanga mjini kukutana na mabingwa. Kila bao lilipoingia, mashabiki wa mabingwa waliokaa nyuma ya goli letu walibiringisha chungwa wavuni kumkejeli mjomba, maana sifa zake za kudaka machungwa zilikuwa zimewafikia. Yalipofika tisa, mmoja akasimama na jingine mkononi. "Haya kipa, daka basi hili!" Mjomba, kwa mazoea ya uani, akaruka akalidaka vizuri mno. Uwanja ukalipuka kuliko kwenye bao lolote. Wale wageni wa Dar es Salaam walicheka wakafuta machozi, kisha wakaondoka na mshambuliaji wa mabingwa.

Asubuhi bibi akamwekea mwanawe sahani ya machungwa tisa, yamemenywa.

"Kula, baba. Haya hayaruki."

Tukadhani utani. Mjomba akala moja baada ya jingine, machozi yakimtiririka, na bibi hakubanduka mpaka la mwisho. Nilimpenda sana bibi yangu, lakini siku ile nilimwogopa. Tangu hapo watoto wa mtaani wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, Mjomba Tisa," naye anaitikia marahaba.

Bibi sasa ni marehemu, na ule ua umejengwa maduka. Machungwa yangalipo, tena tele. Ninachokililia mimi ni ile laiti yetu. Mlango ulipokuwa umefungwa tulikuwa mabingwa kila mwaka, na hakuna aliyeweza kutubishia.

Nikiwa katika mawazo hayo, binti yangu mdogo, asiyejua lolote, akachukua chungwa kapuni.

"Babu, daka!"

Mjomba akaweka mikono nyuma. Chungwa likampita ubavuni, likagonga ukuta, likabiringika hadi miguuni pangu.

"Kumi," akasema.