Santuri Isiyo na Wimbo

Detlef Kröger alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini hakuna kompyuta iliyowahi kugusa muziki wake wa tekno. Lebo yake, kampuni ndogo ya kutoa muziki, ilitoa santuri tu, nyeupe katikati, bila jina la wimbo, na mhuri aliugonga mwenyewe kwenye meza ya jikoni kwake, mtaa wa Neukölln, Berlin. Nakala mia tatu, zikiisha zimeisha. Ukimtajia muziki wa faili alinuna kama mtu aliyewekewa sukari kwenye soseji.

Roho yake yote ilikuwa kwenye zamu ya kupiga muziki Jumapili alasiri katika klabu ya Birgit. Hakuwa amebakiwa na nyingine Berlin nzima.

"Leo watu wakiondoka tena, zamu nampa Jörn," Birgit alimwambia waziwazi. "Na usije kunililia."

"Huyo wa kompyuta? Bora uwashe redio!"

Jörn, dijei mwenzake, alicheka tu. Yeye pia alitumia santuri, ila zake zilikuwa za ujanja: hazina wimbo, ni mlio wa filimbi mwanzo mwisho, na kompyuta huusoma mlio huo ijue iendeshe faili kwa kasi gani. Bila kompyuta, ni filimbi tupu. Nazo, kwa balaa, zilikuwa nyeupe katikati.

Basi zamu ilipoanza, santuri za wote wawili zikiwa zimechanganyikana mezani, Detlef akachukua ya Jörn bila kujua na kushusha sindano.

Fiiiiiii!

Dijei wa kule hakimbii kosa lake. Anakunja mikono na kutikisa kichwa taratibu, ionekane alikusudia. Detlef akakunja, akatikisa, jasho likimtoka. Wachezaji wakaduwaa. Halafu mmoja akafumba macho. Wa pili akavua shati. Mwanamke mwenye miwani myeusi akaielekeza simu kwenye spika iutambue wimbo, simu ikashindwa.

"Haijulikani!" akapiga kelele. "Mtandaoni haipo! Ni santuri tu!"

"Unalisikia joto lake?" akajibu jamaa wa pembeni, machozi yakimlengalenga. "Faili itakupa wapi joto hili?"

Hakutoka mtu. Upande ulipoisha wakadai aigeuze santuri. Akaigeuza. Fiiiiiii!

Birgit akaja kumkumbatia. "Zamu yako mpaka ufe, mzee. Ila hiyo uipige kila wiki, sawa?"

Detlef akafungua mdomo aseme kweli. Akamwona Jörn ukutani, ameshika mbavu, hana hata sauti ya kucheka. Akaufunga.

Nyumbani mkewe, Heike, alikuwa akimenya viazi.

"Wameupenda muziki wako?"

Ilimuuma. Miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwomba ageuze santuri yake hata moja.

"Wamelia," akasema.

Akasogeza maganda ya viazi, akaitoa ile santuri ambayo Jörn alimwachia bure, akachukua mhuri wa lebo yake na kuugonga katikati. Safari hii hakuichukua kwa makosa.