Mwenyekiti wa Mji wa Kuta Zilizopinda

Mwenyekiti wa mji wetu mdogo hapiti kando ya ukuta bila kuupapasa, kama mnunuzi anayekagua ng'ombe. Kuta zetu zote zimepinda. Babu zetu walichoma matofali ya kujengea jiji kubwa hapo jirani, na yaliyotoka tanurini yamepinda jiji liliyakataa, basi wakajengea nyumba zao, kisha shule, kisha ukumbi. Vidole vya mama huyu ni vifupi na vigumu, sauti yake inakwaruza, na kila mtu kwake ni "mwanangu," hata wazee waliomzidi umri. Hafungui mkutano kabla hajaifuta meza kwa mkono wake mwenyewe.

Ofisa wa jiji alipokuja ukumbini kutushawishi tukubali mji wetu umezwe na jiji, alituahidi lami na taa za barabarani. Mimi, dalali wa viwanja, nilishaanza kupiga hesabu kichwani. Kisha akautazama ukuta, akacheka. "Na huu ukumbi, mama, tutawabomolea bure."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Aliweka kiganja ukutani. "Mwanangu, matofali haya mlituachia wenyewe, mkasema hayafai. Tumeyasimamisha na hayajaanguka. Leo mnayafuata ya nini?"

"Mwambie, mama!" fundi cherehani alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ofisa akauliza, sasa bila kucheka, nani anakubali kuungana na jiji. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wangu ulitaka kunyanyuka kwa mazoea ya biashara, nikaukalia.