Gauni la Vipande vya Pembe Sita

Juzi, katika duka la nguo pale Makutano, niliona gauni lililoshonwa kwa vipande vya pembe sita vilivyoshikana kama sega la asali. "Hii ni hesabu tupu, madam," muuzaji aliniambia. Mimi nilisikia harufu ya ugoro wa utotoni mwangu.

Cucu, nyanya yangu wa Kiambere, alinishonea gauni kama hilo kwa matambara ya nguo zetu kuukuu. Mchana kutwa nilimwangalia. Kila kipande alikitemea mate ya kahawia ya ugoro, akakipangusa kwa kidole gumba, ndipo akakiunga na mwenzake. Joto lilizidisha uvundo. Nilidhani anabania maji, kwa kuwa mto ulikuwa mbali.

"Cucu, unachafua."

"Nyamaza, mami. Sitaki hata kimoja kikose."

Jumapili, kabla ya kanisa, nililitumbukiza gauni kwenye choo cha shimo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoona wazee wakimtemea bibi harusi mate kifuani, wakimbariki. Mate yale bado yananitia kinyaa. Lakini si kama ninavyojionea kinyaa mwenyewe, niliyezitupa baraka zangu zote chooni.