Dakika Tano za Kuchangamsha Darasa

Nilifundisha Kiingereza miaka kumi na miwili upande wa Kongo kabla sijajua kwamba sijui kufundisha. Habari hiyo niliipata Nchelenge, ng'ambo ya Ziwa Mweru, kutoka kwa wakufunzi wawili waliokuja na sanduku la kalamu za rangi: mama mmoja wa Kizungu, na bwana mmoja wa Lusaka aliyeafiki kila neno la mama huyo kabla halijamtoka mdomoni. Diploma yangu waliigeuza pande zote mbili, wakanirudishia kama noti ya bandia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kituo kilichotuajiri kilikuwa kimeshatamka: asiyepata cheti chao cha kufundisha Kiingereza kwa watu wanaojifunza lugha hiyo ukubwani, darasa lake atapewa mwingine. Na mimi darasa langu la kijijini Kabuta nililipenda kuliko chochote nilichobaki nacho.

Basi, wiki sita nikajifunza kutabasamu. Sitanii, lilikuwa somo zima na lilikuwa na alama zake. Tulifundishwa pia kutoligeuzia darasa mgongo, kunyoosha kiganja badala ya kidole, na kurusha mpira. Mpira ndio ulikuwa nguzo ya elimu yote. Unamrushia mwanafunzi, anataja tunda analolipenda, anamrushia mwenzake, na hapo, eti, woga unamtoka. Matunda yenyewe yalikuwa ya kwenye picha, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyatia mdomoni. Vikaratasi vya kubandika ukutani vilidondoka kimoja kimoja kwa unyevu wa ziwa, na bwana wa Lusaka akaviokota huku akituambia kwamba maandalizi ndiyo siri ya ualimu.

Kila somo liliandikwa kwa dakika. Tano za kuchangamsha darasa, nane za picha, kumi za mazungumzo ya wawili wawili. Ningependa kuwaona wakimpangia dakika mama aliyeamka alfajiri kuanika chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, kisha akaja darasani akimwachia jirani kazi ya kufukuza kunguru.

Wanafunzi wangu walikuwa wamama kumi na mmoja, wakimbizi kama mimi pamoja na wachuuzi waliovuka ziwa kuuza samaki. Kibemba cha sokoni walikimudu. Kiingereza walikitaka kwa sababu kliniki na ofisini wenye kazi walijadili kwa lugha hiyo mambo ya hawa wamama mbele yao, nao wakaishia kuitikia wasichokielewa. Tulikutana katika jengo la kanisa, na kwa desturi yetu hakuna kinachoanza bila sala. Siku za kawaida mmoja aliomba kwa ufupi, tukaketi.

Siku ya mtihani wangu wa kufundisha wakufunzi walikaa nyuma ya darasa langu, fomu mapajani, saa mezani. Nikawaeleza wamama kwa nini wageni wamekuja na kitakachotokea nikishindwa. Kosa langu ndilo hilo. Mkubwa wao, mama mwenye mvi ambaye kwa miezi minne hakuwahi kunitolea sentensi nzima ya Kiingereza, alisimama akakaza kitenge chake.

"Madame, leo hatutakuacha weye peke yako na bale batu. Tutaomba."

Wakaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, jinsi tunavyoomba jambo likiwa zito. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Mkufunzi wa Kizungu akaigonga saa yake kwa kidole, kile kile alichotukataza kukitumia. Nimkatize nani? Kwetu mtu akiongea na Mungu humgusi bega. Tena niseme ukweli, sikutaka wakome. Tangu nivuke ziwa hakuna aliyekuwa amelitaja jina langu kwa machozi.

Sauti zilipotulia, yule mama mwenye mvi aliendelea peke yake, na akahamia Kiingereza ili wageni nao wasikie. Alimwamkia Mungu asubuhi njema. Akamwambia kwamba huyu ni mwalimu, mwalimu ni mzuri, mwalimu anataka karatasi, leo, tafadhali. Akamalizia kama tulivyofanya mazoezi ya kuuza samaki: asante, mteja wangu. Nililia bila kujificha. Kila neno nilikuwa nimemfundisha mimi, bila mpira.

Wakufunzi waliandika kwamba somo halikuanza kwa wakati. Kiingereza cha mama hawakukisikia, kwa kuwa hakikuwamo kwenye mpango. Wakanipa nafasi ya pili wiki iliyofuata kwa sharti moja, pasiwe na sala. "Msimamizi wa darasa ni wewe," bwana wa Lusaka aliniambia, kwa ule upole wa kumkemea mtoto wa jirani.

Ningeweza kukataa. Nimetunga hotuba nyingi za kukataa tangu siku ile, zote nzuri. Lakini nilipanda baiskeli nikaenda Kabuta kuwaambia wamama wasiombe. Sikusema kwamba wakufunzi ndio waliokataza. Niliona haya kuonekana natumwa na watu niliowadharau, nikasema ni mimi ninayetaka hivyo. Yule mama mwenye mvi aliitikia tu, "Bon, madame."

Mtihani wa pili waliketi wima kama wanaosubiri kuitwa kwenye ofisi ya vibali. Walidaka mpira. Walitaja matunda ya kwenye picha, kwa zamu, kwa sauti ndogo. Kila jambo liliisha kwa dakika yake, na hakuna aliyesema neno ambalo hakuulizwa. Wakufunzi waliandika kwamba utulivu wa darasa hili ni wa kupigiwa mfano, wakanipa cheti, tukapigwa picha.

Jumatatu nilirudi Kabuta. Wale wawili walikwisha kwenda kuwafundisha wengine kutabasamu, na darasa lilikuwa langu, hakuna wa kuninyang'anya. Nikasimama mbele, nikafumba macho, nikangoja. Nilipofumbua, wamama kumi na mmoja walikuwa wamefungua madaftari, wananitazama.

"Nani atatuombea leo?" nikauliza.

Yule mama aliwatazama wenzake kwanza.

"Madame, si njo weye ulisemaka tusikuombee tena?"

Aliuliza bila hasira, kalamu mkononi, apate kujua jibu lililo sahihi.