Picha Pekee ya Bibi Kalista

Mtaa mzima wa Kizwite, hapa Sumbawanga, umewahi kukalia kile kiti cha plastiki cha Bertilla, mbele ya shuka la bluu lililotundikwa sebuleni. Picha za pasipoti ndiyo kazi yake: kamera ndogo, kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Wanafunzi wanakuja, waombaji kazi wanakuja, na mabwana harusi wanaojikaza kama wanachomwa sindano. Lakini mama yake mzazi, Bibi Kalista, anayekaa naye nyumba moja, ana picha moja tu duniani. Ukimwelekezea kamera anajifunika kanga. "Picha ni za watu wenye safari," husema. "Mimi nakwenda wapi?"

Hiyo moja Bertilla aliiiba Krismasi iliyopita, bibi akicheka mlangoni mwa jiko. Picha nzuri, ila macho. Bibi Kalista alipika pombe ya ulezi kwa kuni miaka yote aliyowalea wanawe, na moshi ukamwingia machoni ukafanya makazi. Ni mekundu, mekundu kwelikweli. Na tusidanganyane, kila mtu wa huku anajua bibi mwenye macho mekundu anavyotazamwa na wasiomjua.

Sasa Bertilla, badala ya kuiacha picha kama ilivyo, si akataka kuisafisha. Mteja mmoja alimwachia flashi yenye programu ya bure ya kung'arisha sura, akamwambia inatoa makunyanzi, inatoa hata wekundu wa macho. Rahisi inavunja upishi, waliosema hawakukosea. Programu ilifanya kazi siku moja. Ilimpa Bibi Kalista macho meupe kama ya mtoto mchanga, Bertilla akafurahi, akahifadhi picha zote mbili, ile ya kwanza na hii mpya. Kisha kompyuta ikamtaka aizime na kuiwasha tena. Akaizima. Kuwaka, haikuwaka. Inaleta rangi ya bluu, maandishi ya Kizungu, giza, halafu bluu tena. Akaifunika kitambaa, akasema fundi ataitwa wiki ijayo.

Kabla ya wiki ijayo, Bibi Kalista akapotea.

Bertilla aliamka akakuta mlango wa nyuma uko wazi na upepo wa Julai unaingia moja kwa moja mpaka chumbani. Kitanda kitupu. Sweta la bibi liko kwenye kiti. Kwa miezi kadhaa bibi alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alimwita Bertilla Agnesi, jina la mdogo wake bibi mwenyewe aliyekufa zamani, na kila jioni aliuliza lini watamrudisha Mwazye, kijiji alichozaliwa, kwa mama yake. Bertilla alilishika lile sweta, akalitupia begani, akatoka mbio.

Alikwenda kanisani, akaenda sokoni, akaishia kwenye stendi ya magari ya Matai, yanayoelekea upande wa Mwazye. Mdogo wake Vitus alichukua pikipiki akaanza kufuata barabara. Pale stendi mpiga debe alikuna kichwa. "Kuna bibi alipanda gari la alfajiri, mama. Lakini mabibi ni wengi. Nionyeshe picha." Polisi wakaandika maelezo, nao wakaomba picha. Kila mdomo ulisema neno hilohilo. Kitambulisho bibi hana, alikataa kupigwa picha. Simu ya Bertilla ni mpya, ile ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Kadi ya kamera alishaifuta apate nafasi ya picha za wateja. Picha ipo kwenye kompyuta, na kompyuta imekufa.

Tuseme wazi alichokiogopa, maana hakuogopa baridi peke yake. Watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Sumbawanga wanatania, usimguse huyo, utalala ndani uamkie juu ya paa, na Bertilla siku zote alicheka nao. Siku hiyo hakucheka. Bibi asiyejua jina lake, macho mekundu, anaongea na marehemu, anakutwa amekaa ukutani kwa watu asiowajua. Watasema ni mchawi, ameanguka na ungo. Na wakishasema hivyo, hakuna anayekwenda kumletea maji ya kunywa. Bertilla alipokuwa msichana aliwahi kuona mawe yakimfuata kikongwe mmoja njiani.

Fundi Calvin alifika mchana, begi mgongoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Angalia hiyo kompyuta, baba, nakuomba."

Calvin akawasha, akaiona bluu, akaliona giza. "Dawa yake ni kupiga window upya. Nusu saa tu." Flashi yake alishaichomeka.

"Na picha zangu?"

"Ulizihifadhi wapi?"

"Hapohapo mbele. Ukiwasha tu unaziona."

"Basi hizo zitakwenda. Window mpya inafagia."

Bertilla akamkamata mkono, na hakuukamata kwa adabu. "Usiguse," akasema. "Mama yangu yumo humo."

Alipomweleza, Calvin alichomoa flashi yake. Alijaribu kwanza kuiwasha kompyuta kwa njia ya dharura ili aing'oe ile programu, ikagoma, mara ya pili ikagoma. Akachukua bisibisi, akafungua kasha, akatoa diski, kile kibati kinachotunza kila kitu, akaiunganisha kwa waya na laptop yake. Diski ikakwaruza kidogo, ikanyamaza.

"Ikikataa na hapa?" Bertilla akauliza.

"Tuombe isikatae, mama."

Alijaribu kuomba, Salamu Maria ikampotea katikati. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Huko nje ya mji, ulezi ukiwa umeshavunwa, mashamba ni matupu na hakuna pa kujificha upepo.

"Hizi hapa," Calvin akasema.

Bibi Kalista wawili walitokea ubavu kwa ubavu, mmoja macho meupe, mwingine mekundu. Bertilla akampigia Vitus.

"Tuma ya macho meupe, dada," Vitus akasema, upepo ukivuma kwenye simu. "Ukituma ile nyingine unawapa sababu."

Maneno ya Vitus yalikuwa na akili, na Bertilla alitaka sana kuyafuata. Lakini atakayemwona mama ataona macho gani? Ataweka simu pembeni ya uso wake na kusema si yeye. Akamwambia Calvin amhamishie simuni ile ya kwanza, ya macho mekundu, akaandika: Huyu ni mama yetu Kalista. Anasahau. Macho yake ni ya moshi, alipika pombe akatusomesha. Ukimwona mpe kitu cha moto, utupigie. Akaituma kwenye makundi ya simu, la jumuiya, la kwaya, la madereva wa Matai. Mtu wa kwanza kujibu aliandika, huyo bibi mbona macho hivyo. Bertilla aliiona, akahisi amemuua mama yake kwa mkono wake.

Simu iliita jua likiwa juu ya paa la jirani. Namba ngeni, sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye mwenye bibi wa macho mekundu?"

"Ndiye mimi. Yuko wapi?"

"Naitwa Jovina, niko huku njia ya Mwazye. Alikaa kwenye ukuta wa jirani yangu. Vijana walishamzunguka, na si kwa wema, dada yangu. Nikawaonyesha simu. Nikawaambia tazameni, hata mama yangu macho yake ni hayohayo ya moshi, na ninyi mmekunywa pombe aliyoipika. Wakaondoka mmoja mmoja. Sasa anakunywa uji. Ngoja nikupe."

Kukawa na kishindo cha simu kushikwa vibaya, kisha sauti ya bibi, yenye hasira kidogo.

"Agnesi? Mbona hukuja na sweta?"

"Nakuja nalo, dada," Bertilla akasema. Alilia huku akilitafuta mezani, na lilikuwa begani mwake tangu asubuhi.

Mlangoni akamgeukia Calvin, aliyesimama na diski kiganjani, hajui afanye nini.

"Sasa piga hiyo window yako," akamwambia. "Ila kwanza nitolee humo picha ile ya macho mekundu. Nyingine ifagiliwe."